Kura ni Ushahidi: Nasaha kwa Kijana Anayepiga Kura kwa Mara ya Kwanza



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake, nasema: Mwezi uliopita tulizungumza katika ukurasa huu habari ya deni na uzito wake. Mwezi huu nimekusudia kuzungumza na vijana wetu, wake kwa waume, waliotimiza umri wa miaka 18 au wanaokaribia kuutimiza, juu ya deni la namna nyingine ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni deni. Nalo ni kura.

Lililonifanya nishike kalamu ni swali. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, tulipokwisha kufunga vitabu vya darsa, alibaki nyuma kijana mmoja niliyemfundisha tangu alipokuwa akisoma juzuu ya Amma. Akaniuliza kwa adabu: "Maalim, wenzangu wanakwenda kujiandikisha ili wapige kura mwaka 2027. Mimi sioni faida yake. Kura yangu ni moja tu, na wakubwa ni wale wale. Je, nitakuwa na makosa nikikaa nyumbani?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia, "Mwanangu, nipe muda." Kwani jibu la kweli lilinihusu mimi nafsi yangu kabla ya kumhusu yeye, kama mtakavyoona.

Kwanza yafaa tujue kura ni kitu gani. Wako watu wanaoidhani kuwa ni zawadi ampayo mtu mgombea anayempenda. Na wako wanaoidhani kuwa ni bidhaa, mwenye nayo humwuzia anayetoa bei nzuri. Yote mawili si kweli. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameifananisha kura na ushahidi. Unapotia alama mbele ya jina la mtu, maana yake ni kwamba washuhudia mbele ya Mola wako ya kuwa mtu huyu, kwa kadiri ya ujuzi wako, ndiye anayefaa zaidi kushika kazi hii na kuchunga mali ya watu. Na hukumu ya ushahidi katika dini yetu twaijua. Katika Sura ya Al-Baqara tumekatazwa kuuficha, na tumeambiwa kwamba moyo wa mwenye kuuficha una dhambi. Katika Sura ya An-Nisaa tumeamrishwa kuzifikisha amana kwa wenyewe. Na Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa habari ya Kiyama, alitaja kuwa miongoni mwa dalili zake ni kupotezwa kwa amana, na akaeleza kwamba amana hupotea pale mambo yanapokabidhiwa wasiostahiki.

Najua wako ndugu zetu wanaosema kwamba mambo ya kura hayamhusu Mwislamu. Sitaki kugombana nao, kwani nia zao ni njema. Lakini nawaomba wakumbuke habari iliyomo katika tarikh ya Ibn Kathir. Sayyidna Umar (R.A.) alipojeruhiwa, aliliacha jambo la ukhalifa mikononi mwa masahaba sita washauriane kwa muda wa siku tatu. Abdurrahman bin Auf (R.A.) akajitoa yeye mwenyewe katika kugombea, akachukua kazi ya kuuliza watu. Akazunguka Madina usiku na mchana, akawauliza wakubwa na wadogo, wenyeji na wasafiri. Akawauliza hata wanawake waliokuwa ndani ya stara zao, na hata vijana waliokuwa katika vyuo vya kusomea. Baada ya hayo ndipo alipobaiwa Sayyidna Uthman (R.A.).

Enyi vijana wa madrasa, tazameni heshima hiyo! Jambo kubwa kuliko yote ya dunia ya Waislamu wa siku zile, na aliyekuwa na kazi ya kulitengeneza hakuona taabu kuinama mlangoni pa chuo akawauliza wanafunzi. Ikiwa Abdurrahman bin Auf aliiona rai ya kijana kuwa ina uzito, iweje kijana mwenyewe leo aione kuwa ni bure?

Sasa nalikiri jambo ambalo sijapata kuliandika, wala wanafunzi wangu wengi hawalijui.

Mwaka 1992 Kenya ilifanya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi ya chama kimoja. Siku yenyewe ilikuwa 29 Desemba. Sisi tuliokuwa vijana tulikuwa tumeona mwaka 1988, katika uteuzi wa chama tawala, wazee wetu wakipangwa mlolongo nyuma ya picha za wagombea, kila mtu akionekana kwa macho amesimama nyuma ya nani, na mwenye cheo akimtazama. Sasa tuliambiwa kura itakuwa ya siri. Nami nilijiandikisha, nikapewa kadi.

Siku chache kabla ya uchaguzi alikuja mtu barazani kwetu, amevaa vizuri na maneno yake ni laini. Alikuwa akizikusanya kadi za vijana. Kila kadi shilingi 200, na kadi yenyewe, alisema, tutarudishiwa uchaguzi ukiisha. Mimi sikuwa na kazi, na Idi iliyopita nilivaa kanzu ya kuazima. Nikampa kadi yangu, nikachukua shilingi 200 zake.

Siku ya uchaguzi mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye hakupata kuingia skuli hata siku moja, alisali Alfajiri, akavaa buibui lake, akaenda kusimama katika safu. Alirudi jua limekwisha pinduka, miguu imemvimba, na kidole chake kina wino. Akanionyesha kwa furaha kama mtoto. Kisha akaniuliza: "Na wewe mwanangu, chako ki wapi?" Nikauficha mkono wangu chini ya meza. Hakuniuliza tena. Nadhani alijua.

Miaka mitano iliyofuata, mtaro wa maji machafu uliopita karibu na nyumba yetu uliziba, ukatapika njiani kila msimu wa mvua. Watu walilalamika. Nami kila nilipofumbua kinywa nilalamike pamoja nao, nafsi yangu iliniuliza, "Wewe uliuza kwa bei gani?" nikanyamaza. Baadaye, nilipokuwa nikifundisha watoto hesabu, niliifanya hesabu ile: shilingi 200 kwa miaka mitano haifiki hata senti 11 kwa siku. Kwa senti 11 niliuza ushahidi wangu, na haki yangu ya kusema nikaitia ndani ya bei.

Leo atakuja mtu kwako na shilingi 500, au na fulana, au na kilo mbili za unga. Fanya hesabu hiyo hiyo: shilingi 500 kwa miaka mitano ni kama senti 27 kwa siku. Wala usijidanganye kwa kusema, "Nitakula chake, nami nitampa kura nimtakaye." Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kuipokea, wote wawili. Hata sheria ya Kenya ya mwaka 2016 juu ya makosa ya uchaguzi humtia hatiani mtoaji na mpokeaji pia.

Narudi kwenye neno la mwanafunzi wangu, kwamba kura yake ni moja tu.

Ndugu zetu wa Zanzibar wana kisa ambacho kila kijana wa pwani yafaa akijue. Katika uchaguzi wa Januari 1961 palikuwa na viti 22. Katika jimbo la Chake Chake, kisiwani Pemba, mshindi alipatikana kwa kura moja tu. Kura moja! Na baada ya hesabu zote na mapatano ya vyama, pande mbili zilitoka sawasawa, viti 11 kwa 11, serikali ya kudumu isiweze kuundwa, ikabidi uchaguzi urudiwe mwezi wa Juni mwaka ule ule. Laiti mtu mmoja tu wa upande ulioshinda Chake Chake angalilala siku ile, au mmoja wa upande ulioshindwa aliyebaki shambani angalikuja, mambo yangalikwenda njia nyingine. Mtu huyo hatumjui jina, na labda yeye mwenyewe hakupata kujua kwamba ndiye.

Tena tutazame ya kwetu. Katika uchaguzi wa Agosti 2022, walioandikishwa Kenya nzima walikuwa watu 22,120,458. Tofauti ya kura baina ya mshindi wa urais na aliyemfuata ilikuwa 233,211. Hapa Mombasa walioandikishwa walizidi laki sita, na waliofika vituoni hawakutimia nusu yao. Maana yake, waliojiandikisha kisha wakakaa nyumbani, katika mji huu mmoja, walikuwa wengi kuliko tofauti iliyoamua nani awe rais wa nchi. Sisemi wangalimpa nani. Hilo si langu, wala si kazi ya ukurasa huu. Nasema tu kwamba mji mzima uliitwa kutoa ushahidi, na zaidi ya nusu hawakuitika.

Lakini kijana ataniambia: "Maalim, kura huibiwa." Sitamwambia kwamba neno lake halina msingi. Mwaka 2007 uchaguzi ulibishaniwa, na fitina iliyofuata iliua watu zaidi ya 1,100. Mwaka 2017 Mahkama ya Juu yenyewe iliufuta uchaguzi wa rais wa mwezi wa Agosti, kwa kuwa haukuendeshwa kwa mujibu wa Katiba. Basi hofu ipo. Swali ni hili: dawa ya wizi ni nini? Mwenye duka asiyehesabu mali yake hawezi kumjua mwizi. Kura huhesabiwa pale pale kituoni mbele ya mawakala wa wagombea, na jumla ya kura za urais huandikwa katika fomu iitwayo 34A, ambayo nakala yake hubandikwa nje ya kituo kila mtu aione. Mwaka 2022 fomu hizo za vituo zaidi ya 46,000 zilitiwa katika mtandao wa Tume, kila raia akaweza kuzisoma na kujumlisha mwenyewe. Kazi kama hiyo yawataka vijana wenye macho makali na hesabu njema. Kijana aweza kuwa wakala, aweza kuomba ukarani wa uchaguzi, na asiyekuwa hata kimoja aweza kuisoma fomu iliyobandikwa mtaani kwake. Anayekaa nyumbani hazuii wizi wowote. Amempunguzia mwizi kazi.

Vile vile twakumbuka mwezi wa Juni 2024, vijana wa Kenya walipotoka njiani kwa maelfu kuupinga Mswada wa Fedha, na baadhi yao wakapoteza roho zao. Mwenyezi Mungu awape subira wazazi wao. Mswada ule haukutiwa sahihi. Hakuna tena awezaye kusema kwamba vijana hawajali. Lakini sauti ya njiani husikika siku moja, na siku ya pili wanaokaa bungeni ni wale waliochaguliwa kwa kura. Mwenye uchungu wa nchi asiwaachie wengine sanduku.

Sasa nieleze njia, kwani nasaha bila ya njia ni maneno matupu.

Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa tano. Basi ujao waangukia 10 Agosti 2027. Jambo la kwanza ni kitambulisho. Bila ya kitambulisho cha taifa au pasipoti hutaandikishwa. Wengi wetu twajua usumbufu ambao watu wetu wa pwani na wa kaskazini wameupata kwa miaka mingi katika kutafuta karatasi hii, wakiulizwa vyeti vya babu na vya bibi. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kuondoa ule uchunguzi wa ziada waliokuwa wakifanyiwa watu wa kaunti za mipakani. Basi nenda mapema, na ukirudishwa, rudi tena. Jambo la pili ni kujiandikisha katika daftari la wapiga kura, katika ofisi ya Tume ya Uchaguzi ya eneo lako la bunge, ambako alama za vidole vyako huchukuliwa. Usingoje siku za mwisho, kwani daftari hufungwa kabla ya uchaguzi, na milango ikifungwa majuto hayaifungui.

Siku ya kura utapewa karatasi sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge, ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti, na ya mwakilishi wa wadi. Vijana wengi hujua ya kwanza tu na hizo nyingine huzitia alama kwa kubahatisha. Hili ni kosa kubwa. Zahanati ya mtaa, chuo cha watoto wadogo, soko, mitaro na barabara za ndani ni kazi za kaunti, na kaunti zote 47 hugawana si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Anayeamua mtaro wenu uzibuliwe au usizibuliwe aghlabu si rais; ni yule wa karatasi ya mwisho, ambaye nyumba yake waijua na tabia yake waijua. Huyo ndiye unayeweza kumtolea ushahidi wa kweli. Mwulize jirani yake, mwulize aliyemkopesha, mwulize anayefanya naye kazi. Usiulize kabila lake.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na hufungwa saa kumi na moja jioni, na aliyekuwa katika safu wakati wa kufunga huruhusiwa kupiga. Basi sala ya Adhuhuri isikupite kwa kisingizio cha safu. Nendeni kwa zamu na mshikiane nafasi kwa ridhaa ya walio nyuma yenu. Na kwa kuwa kila uchaguzi naulizwa juu ya wino wa kidoleni kama wabatilisha udhu, jibu ni hili: wino ule ukikauka ukabaki rangi tupu isiyokuwa na mwili, huwa mfano wa rangi ya hina, hauzuii maji kufika, na udhu ni sahihi. Usiwe na wasiwasi.

Neno langu kwa wazazi ni fupi. Kura ya mwanao ni yake, na ya binti yako ni yake. Mshauri, mwombee dua, mwonyeshe njia ya kituo; lakini usimtwike jina la mtu wako. Kura ni ya siri, na atakayeulizwa juu ya ushahidi ule kesho ni yeye, si wewe.

Na neno langu kwa nyote ni adabu baada ya matokeo. Kisa cha Zanzibar nimekitaja nusu. Nusu ya pili ni hii, kwamba uchaguzi ule wa Juni 1961 uliingia mapigano, wakafa makumi ya watu, nao ni watu wa kibla kimoja na lugha moja. Watu wakaacha kuzikana. Maduka ya jirani yakasusiwa. Hakuna mgombea hata mmoja ambaye thamani yake yafikia jeneza la jirani. Mtu wako akishinda, mshukuru Mungu na umchunge; akishindwa, njia ni mahkama na subira, kisha uchaguzi ujao.

Yule kijana nilimwita juma lililofuata. Nikamsimulia habari ya kadi yangu na ya kidole cha mama. Akanisikiliza ameinamisha kichwa. Nikamwambia: "Waniuliza kama utakuwa na makosa ukikaa nyumbani. Mimi si mufti, sitakutolea fatwa. Lakini nimeishi zaidi ya miaka thelathini nikiona haya kwa mkono nilioficha chini ya meza, na tangu mwaka ule sijakosa uchaguzi hata mmoja, wala haya ile haijaniondoka. Sitaki uirithi." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza ofisi ya kuandikisha hufunguliwa saa ngapi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaongoze vijana wetu, awape viongozi wenye nguvu na uaminifu, na atukinge na fitina za dhahiri na za siri. Amin.

Wabillahi tawfiq.